Mkimbiaji Asiyetaka Kulala

Kila siku, kabla jogoo hajawika, Coletha alikuwa ameshaondoka kitandani. Alifungua mlango polepole asimwamshe mama yake, akakimbia hadi kisimani na kurudi. Jioni, baada ya masomo, alikimbia tena. Usiku alisoma kwa mwanga wa koroboi mpaka mama alipomnyang'anya.

Coletha alikuwa darasa la sita katika shule moja karibu na Ushirombo. Mwaka ule wa 1976 alichaguliwa kukimbia wa mwisho katika timu ya kupokezana vijiti, na mashindano ya wilaya yalikuwa yanakaribia.

"Usingizi ni wa wavivu," alimwambia rafiki yake Mbuke, ambaye naye alikuwa katika timu.

"Basi mimi ni mvivu," Mbuke akacheka. "Nikishashiba michembe ya viazi, sijui lolote mpaka asubuhi."

Lakini jambo la ajabu likatokea. Kadiri Coletha alivyozidisha mazoezi, ndivyo miguu yake ilivyozidi kuwa mizito. Alikasirika ovyo. Siku moja kijiti kikamponyoka mkononi mbele ya shule nzima. Kesho yake akasinzia katikati ya somo la hesabu, akakoroma, na darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu Stanslaus, mwalimu wa michezo, hakucheka. "Mbuke atakimbia wa mwisho," alisema. "Wewe, Coletha, mwambie mama akupeleke zahanati. Usipopata nafuu, nitakuacha."

Coletha alilia njia nzima hadi nyumbani. Kesho yake mama akampeleka zahanati.

"Shikamoo, mama," alimwamkia muuguzi, Mama Philomena.

"Marahaba, mwanangu. Una nini?"

Mama Philomena alimpima joto, akamtazama macho, akachukua damu. Hakukuwa na malaria wala upungufu wa damu. Akaweka vifaa vyake chini.

"Unalala vizuri?"

Coletha akainama. Mama yake akajibu, "Huyu halali. Usiku anasoma, alfajiri yuko njiani anakimbia kama anafukuzwa na fisi."

"Mtoto wa umri huu anahitaji saa tisa."

"Ndiyo hiyo hiyo saa tisa anayoamka," mama akasema.

Mama Philomena alicheka mpaka akafuta machozi. "Nasema alale muda wa saa tisa, si aamke saa tisa!" Kisha akamgeukia Coletha. "Ukikimbia, unauchosha mwili. Ukilala, mwili unajitengeneza na kupata nguvu. Hata yale uliyosoma, akili huyahifadhi vizuri ukiwa umelala. Sitakupa dawa. Nenda ukalale."

Jioni ile mama alizima koroboi mapema. Coletha aligeukageuka kitandani, akiwaza kwamba wenzake wa shule nyingine wanafanya mazoezi. Mwishowe usingizi ukamchukua, na aliamka jua limeshachomoza.

Siku zilivyopita, wepesi ukarudi miguuni. Hasira zikaisha, na hesabu zilizomshinda zikaanza kukubali. Mwalimu Stanslaus alimbakiza katika timu, lakini nafasi ya mwisho ikabaki kwa Mbuke. Coletha alimeza kiburi chake, akakubali kukimbia wa tatu.

Huko Kahama, kwenye mashindano ya wilaya, kijiti kilimfikia wakiwa nyuma ya shule mbili. Coletha akachomoka. Akampita mmoja, akampita wa pili, akakiweka kijiti sawasawa katika kiganja cha Mbuke. Mbuke hakuangalia nyuma tena mpaka akaukata utepe.

Jumatatu, kwenye gwaride la asubuhi, wanafunzi walitaka kujua Coletha alipewa dawa gani zahanati.

"Alipewa usingizi," Mwalimu Stanslaus akasema.

Mtoto wa darasa la tatu akanyoosha mkono. "Mwalimu, basi na sisi tulale darasani?"

Wote wakacheka, na mwalimu pia. "Lala usiku, nyumbani kwenu. Bidii ni jambo jema, lakini hata shamba lenye rutuba hupumzishwa. Mwenye kuulaza mwili wake kwa wakati ndiye atakayeamka na nguvu za kuutumia."