Chai Chungu ya Mama

Kila asubuhi Pini alipofumbua macho, cherehani ilikuwa imeshaamka zamani. Mama yake alikuwa fundi wa sare za shule, na kumtania bintiye ndiyo kazi yake ya pili. "Amka wewe, hata uzi wangu umekushinda unene!" Kwa wembamba huo, mtaa mzima ulimwita Pini.

Baada ya chai, mama alimeza vidonge. Alikuwa na lupus, ugonjwa unaoifanya kinga ya mwili iugeukie mwili wenyewe na kuushambulia. Vidonge viliituliza kinga hiyo isizidi kiasi.

Katika maelezo ya mama, Pini alishika neno moja tu: vinapunguza kinga. Moyo ukamlipuka. Si walifundishwa kwamba kinga ndiyo askari wa mwili? Basi alipomsikia muuza dawa sokoni akinadi unga wa kuongeza kinga, hakumuuliza mtu. Akanunua, akawa anautia kwenye chai ya mama kimyakimya.

"Mbona chai chungu?"

"Majani mapya, mama."

Masikini! Haukupita muda, vidole vya mama vikavimba na homa ikampanda. Akalazwa.

"Kuna kitu kingine anachotumia?" daktari aliuliza.

Pini angeweza kunyamaza. Aliitazama mikono ya mama juu ya shuka, akaangua kilio. "Ni mimi! Nilimtilia unga wa kuongeza kinga. Nilidhani namsaidia."

Daktari alimshika bega. "Afadhali umesema, mwanangu. Unga kama huo unaweza kuuchochea ugonjwa wake. Sasa tunajua pa kuanzia."

Mama akapata nafuu, akarudi nyumbani. Lakini vidole viwili havikunyooka tena. Siku ya kwanza alipoketi kwenye cherehani, uzi ulipita kando ya tundu la sindano. Akajaribu tena, ukapita kando. Pini alishindwa kuvumilia.

"Nisamehe, mama. Nilitaka upone."

Mama alifuta machozi, yake kwanza, kisha ya bintiye. "Najua ulifanya kwa kunipenda. Ila kinga yangu ikipungua sana naumwa, ikizidi naumwa. Inatakiwa kiasi chake, na kiasi hicho anakijua daktari. Siku nyingine nipende hivyohivyo, lakini uliza kwanza."

Akamsogezea uzi. "Haya, nitilie."

Siku hizi Pini huamka kabla ya cherehani. Huketi, hutia uzi kwenye sindano, kisha humwita mama yake.