Kibofu Hakikujaa

Wifi yangu alikuwa amekalia kochi langu, chini ya mapazia niliyoyashona kwa mikono yangu, akisoma majibu yangu ya ultrasaundi kwa sauti ambayo hata jirani angeisikia.

"Ovari ya kushoto haikuonekana," alisema, akaishusha karatasi. "Mama, si unasikia? Hana."

Wifi anauza kwenye duka la dawa, na kwa kuwa anajua kidonge kipi ni cha kichwa na kipi ni cha tumbo, ukoo mzima unamhesabu kuwa daktari. Mama mkwe akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Mume wangu, ambaye kila mtu anamwita Boza kwa sababu ya lori lake la kusambaza maji, alisimama mlangoni akizungusha funguo kidoleni. Ndoa yetu ilikuwa na miaka minne bila mtoto, na sasa ukoo ulikuwa umepata wa kumlaumu kwa maandishi.

"Na mstari wa mwisho unasemaje?" niliuliza.

Wifi akatazama kana kwamba ndiyo kwanza anauona. "Kibofu hakikujaa, kipimo kirudiwe. Ah, hayo mambo ya mkojo, wifi. Hayahusiani na uzazi."

Nikaichukua karatasi yangu, nikaikunja, nikaitia mkobani. Mimi ni fundi wa mapazia. Mteja akinitajia ukubwa wa dirisha lake, simwamini hata awe nani, naenda na futi yangu kupima mwenyewe. Sikuona kwa nini tumbo langu lipimwe kwa mdomo wa wifi.

Jua halijazama, habari zikawa zimefika kwenye kundi la ukoo kwenye simu.

Wifi: "Majibu yametoka. Ovari hana. Tumwombee kaka yetu."

Shangazi: "Kuomba tutaomba, lakini na macho yaanze kutazama kwingine. Yupo binti namfahamu, ametulia."

Mume wangu aliusoma ujumbe huo na hakujibu. Hilo ndilo lililoniuma, kuliko shangazi na binti yake aliyetulia.

Asubuhi nikarudi hospitali peke yangu. Mtaalamu wa picha, mama mmoja mfupi asiyependa maneno mengi, alinikumbuka. Nikamwekea karatasi mbele yake, nikamwomba anieleze kama anavyomweleza dada yake.

"Niliandika sikuiona. Sikuandika haipo," alisema. "Ovari, yaani kifuko cha mayai ya uzazi, inajificha nyuma ya utumbo, na utumbo una hewa. Hewa ni kama pazia, mashine yangu haipenyi. Kibofu kikijaa, kinausukuma utumbo kando, ndipo naona. Wewe uliingia kibofu kitupu. Hukuambiwa unywe maji?"

Niliambiwa, na nilikunywa chupa nzima. Lakini siku ile mama mkwe alinisindikiza, akaniona pale kwenye benchi nimebana magoti. Akaninong'oneza kwamba mwanamke mwenye adabu haingii kwa daktari na mkojo umemjaa, niende chooni kwanza nisije nikamwaibisha mwanawe. Nikaenda. Tena nilimshukuru. Mtaalamu nikamwambia tu kwamba nilipitia chooni.

"Rudi Alhamisi saa tatu," mtaalamu akasema. "Na safari hii, ubane."

Ningeweza kwenda nyumbani nikawatangazia. Lakini nani angenisadiki? Wangesema najitetea. Nilihitaji shahidi, na katika ukoo ule mzima nilimtaka mmoja tu. Nikamfuata Boza kule kisimani anakojazia lori.

"Ulisoma alichoandika shangazi?"

"Nilisoma."

"Ukanyamaza."

"Ningesema nini, mke wangu? Mama analia kila siku. Na majibu si ndiyo hayo yametoka?"

"Majibu yanasemaje?"

Akakuna shingo. "Kwamba ovari haipo."

"Ovari ni nini?"

Akautazama mpira wa maji, akatazama viatu vyake. "Kusema kweli, sijui."

"Basi usiniache kwa kitu usichokijua."

Nikamweleza yote aliyoniambia mtaalamu, isipokuwa habari ya choo na mama yake. Nikamwambia aje Alhamisi, aingie chumbani pamoja nami, asikie kwa masikio yake. Baada ya hapo akitaka kwenda kwa yule binti aende, ila aniache kwa alichokiona, si kwa alichosimuliwa. Nampenda Boza, na sikumficha hilo. Lakini nilikuwa nimeshaamua: kama ni kubaki naye au kumkosa, yote yawe kwa ukweli. Tangi likajaa, maji yakamwagika mpaka miguuni kwetu, naye bado amesimama tu.

Jumatano jioni, akiwa bado barabarani na lori, nikamwandikia ujumbe: "Kesho saa tatu. Sitakukumbusha tena."

Usiku alirudi akala, akalala, akaondoka alfajiri kama kawaida yake.

Alhamisi nilikunywa maji mpaka nikawa natembea kwa hatua za bibi harusi. Mama mkwe alikuja pia, akasema safari hii anataka kusikia mwenyewe. Tukakaa kwenye benchi. Saa tatu ikafika, ikapita. Kila mlango wa korido ulipofunguliwa nilitazama, na kila mara alikuwa mtu mwingine. Nikajisemea kwamba nitaingia hata peke yangu.

Ndipo akatokea, ovaroli imelowa, anahema.

"Lori nimeliacha mahali pasiporuhusiwa," alisema. "Walichukue wakitaka."

Nilitaka kulia, lakini kwa hali niliyokuwa nayo hata kulia kulikuwa na hatari. Mama mkwe akaniinamia.

"Mwanangu, naona umebanwa. Nenda chooni kwanza, usimwaibishe mumeo mbele ya watu."

Mlango wa chumba cha picha ulikuwa umeshafunguliwa, na mtaalamu alikuwa amesimama pale.

"Asiende popote, mama," alisema. "Kipimo hiki kinataka kibofu kijae. Mara ya kwanza alitoka chooni ndipo akaingia kwangu, ndiyo maana ovari ya kushoto sikuiona."

Boza akageuka. "Na mara ya kwanza nani alimtuma chooni?"

Nilijua jibu hilo likitoka kinywani mwangu litakuwa vita ya mama na mkwe, na ovari itasahaulika. Mama mkwe akafungua kinywa, akakifunga, kisha akakifungua tena.

"Ni mimi," alisema. "Tulilelewa hivyo. Mimi ndiye niliyemtuma."

Mle ndani Boza alisimama karibu na kichwa changu. Mtaalamu akanipaka ile dawa ya baridi, akaanza kuonyesha kwa kidole.

"Huu weusi mkubwa ni kibofu, maji hayo. Nyuma yake ni mfuko wa uzazi, hauna tatizo. Ovari ya kulia ile pale." Akasogeza mkono, akaisimamisha picha. "Na hii ndiyo ya kushoto. Ipo, na ni nzima."

"Hiki kidude kama lozi?" Boza aliuliza.

"Hicho hicho."

"Nimekiona," alisema. Mkono wake ukautafuta wangu. Anapelekea maji nusu ya mji, na ndoa yake ilikuwa inakufa kwa kukosa maji ya chupa moja kibofuni mwangu. Kisha akauliza, "Sasa mbona hatupati mtoto?"

Mtaalamu akamweleza kwamba picha ile inaonyesha maumbo tu. Mirija ya uzazi kwa kawaida haionekani humo, na habari za mwanamume hazimo kabisa. Vipimo vingine vipo, daktari atatuelekeza.

"Na wanapimwa wote wawili. Wewe umeshapimwa?"

"Mimi?"

"Wewe."

Wanaume wengi hapo ndipo hukumbuka kwamba gari limeegeshwa vibaya. Nilikuwa nimeapa moyoni kwamba akitoka sitamfuata. Boza akaitazama ile lozi, akanitazama mimi.

"Nitapimwa," alisema. "Wiki hii hii."

Koridoni akatoa simu, akaandika kwenye kundi la ukoo huku akimsomea mama yake: "Ovari ipo, nimeiona kwa macho yangu. Anayefuata kupimwa ni mimi. Shangazi, huyo binti aliyetulia mtafutie mume mwingine."

Wifi, mwepesi wa kuandika siku zote, hakuandika kitu.

"Wewe nawe unapimwa nini tena, baba?" mama mkwe akauliza kwa sauti ndogo.

"Nitakwambia, mama. Ila hata ukinisindikiza, habari za choo usinishauri."

Akacheka, na machozi yakamtoka humo humo. Kisha akanishika mikono yote miwili.

"Nisamehe, mwanangu. Mimi nilikuharibia kipimo, na mimi tena nikakuhukumu kwa majibu yake."

"Nimekusamehe, mama," nilimwambia. "Lakini mengine tutayamalizia nyumbani. Sasa hivi nakaribia kumwaibisha mwanao kweli."

Akaninyang'anya mkoba, akanitangulia mbio kuelekea chooni, akiwaambia watu wote wa korido ile wampishe mkwe wake.