Alama Mbili za Sindano

Paka alikutwa alfajiri kando ya mtungi, mwili umekakamaa, ulimi umeumwa. Ilikuwa Juni 1991, kisiwani Koyama, pwani ya Somalia. Bi Zuleikha, mjane wa daktari wa mifugo wa Kismayo, alisema jirani yake Ghalib kamlisha sumu.

Inspekta Mohdhar hakuwa tena na kituo wala mahabusu. Vita vilimwachia daftari tu. Hata hivyo alimhoji Ghalib mpaka saa tano. Ghalib alikiri kumrushia paka yule kichwa cha papa, akamkosa.

"Mimi si mchu wa kupoteza sumu kwa paka," alisema kwa lafudhi yake ya Kibajuni. "Panya wangu wenyewe hawajaipata."

Mohdhar alirudi kwa mjane. Hapakuwa na matapishi. Paka alikuwa na kisukari, na marehemu alimfundisha mkewe kumdunga insulini: yuniti mbili asubuhi, mbili jioni. Sindano ilikuwa ya yuniti arobaini kwa mililita. Kichupa nacho kiliandikwa arobaini.

"Kilifunguliwa lini, Bi Zuleikha?"

"Mwishoni mwa Februari."

"Kilikuwa na yuniti mia nne. Kwa nne kila siku, kiliisha siku ya mia. Hii iliyomo imetoka wapi?"

Bi Zuleikha aliketi mkekani.

"Kwa kaka yangu, Nasrudin."

Nasrudin, aliyeishi humohumo, naye aliugua kisukari. Alipata kichupa kipya cha msaada, akakataa kumpa paka hata tone. Jana dada mtu alivuta dawa kwa siri, akaitia katika kichupa cha zamani.

"Paka wa Layla, mwanangu," alisema. "Kabla hatujapotezana njiani aliniachia yeye. Nilimsingizia Ghalib ili Nasrudin asijue nimemwibia."

Kasha la dawa mpya lilikuwa bado dirishani. Mohdhar alilisoma: yuniti mia moja kwa mililita. Kwa dawa hiyo, alama mbili za sindano ile zilikuwa yuniti tano.

"Nasrudin anatumia sindano gani?"

"Kama hii. Zilikuwa mbili."

"Yuko wapi?"

"Amepanda chombo cha Mombasa saa nne. Dawa ya zamani imemwishia leo asubuhi; amechukua ile mpya."

"Hujidunga ngapi?"

"Ishirini."

Mohdhar aliandika hamsini. Redio ya polisi ilibaki Kismayo. Mashua zote za mashine zilikwisha kuondoka na wakimbizi. Alipokuwa akimhoji Ghalib habari za kichwa cha papa, chombo kilikuwa bado ufukweni, mbele ya nyumba ya Ghalib.

"Saa ngapi hujidunga?"

"Baada ya magharibi."

Alitazama saa yake. Ilikuwa saa sita na robo.