Usukani wa Lennox

Jua lilikuwa linazama, mwaka wa 2006, na Wakhungu alikuwa amebakiza kazi moja tu: kufunga redio kwenye van ya Jentrix, kuipeleka Kajiado, kisha arudi kwake Kitengela akalale. Kulala ndiko alikokutaka. Alikuwa fundi wa umeme wa magari, na wiki ile yote wenye magari walimwandama kana kwamba Kitengela nzima haina fundi mwingine. Macho yalimwasha. Mgongo ulimuuma hata akiwa ameketi.

Van yenyewe ilikuwa imeletwa juzi kutoka Japani, na redio yake ilikuwa ya huko huko. Haikushika stesheni za Kenya, kwa hiyo ilibidi itolewe na nyingine iwekwe. Hilo lilikuwa jambo dogo. Kilichomfanya Wakhungu akune kichwa ni usukani.

Jentrix alimletea usukani mwingine asubuhi, ameufunga kwa leso. Ulikuwa wa gari la aina ile ile, ila umechakaa, na ubavuni ulikuwa na vitufe vitano vya redio ambavyo alama zake zilifutwa na kidole cha mtu.

"Huu ulikuwa wa mume wangu," alisema. "Lennox. Yule alianguka na gari hapo mbele ya Isinya."

"Pole sana, mama."

"Tulimzika, fundi. Lakini hakufika nyumbani."

Kwao, alimweleza, mtu akifia barabarani haachwi pale. Mtu wake wa karibu huenda na tawi bichi, akamwita jina pale alipoangukia, na roho ikiitika tawi huwa zito; ndipo huondoka nalo kwenda nyumbani bila kugeuka nyuma. Jentrix mwenyewe ndiye aliyelishika tawi. Aliita mpaka sauti ikakauka, lakini tawi lilibaki jepesi mkononi. Na tangu siku hiyo, kila giza linapoingia, mtoto wao wa miaka minne hukimbia kufungua geti, akasimama hapo akingoja.

"Anasema anaskia baba akipita," Jentrix alisema. "Anapita tu. Haingii."

Wakhungu akaugeuza usukani mikononi.

"Senge, huyo shangazi yake Lennox, amesema tulimwita mahali si pake. Ati yuko kwa usukani. Lazima aletwe na gari ikitembea, na redio ikilia, juu Lennox hangeendesha gari bila redio. Hizo button zote zifanye kazi, fundi. Akipata kitu imeharibika, atajua si gari yake."

Wakhungu hakuamini hata neno moja, lakini angebishana vipi na mjane? Alikubali.

"Mimi natangulia, nitakuwa kwa geti," Jentrix alisema. Kisha akashusha sauti. "Na fundi... ukiskia mtu njiani, nyamaza. Usijibu kitu."

Sasa usukani ulikuwa umefungwa, waya zimeunganishwa na kuviringishwa tepu. Kilichobaki ni kuifundisha redio. Redio mpya haivijui vitufe vya zamani. Unabonyeza kitufe, unakishikilia, nayo inalia kuonyesha kwamba imekishika.

Kuongeza sauti. Pii.

Kupunguza. Pii.

Akaenda hivyo hivyo mpaka cha tano. Akaondoa mkono, akaanza kukusanya spana zake.

Pii.

Wakhungu akageuka. Mle ndani hapakuwa na mtu. Vitufe vilikuwa vitano. Akavihesabu tena, akajiona mjinga kuvihesabu.

Alichukua mita ya umeme akapima waya, zikawa sawa. "Ni utepe," akajiambia. Ndani ya usukani mna utepe wa waya unaojikunja na kujikunjua kila unapokata kona, na ukizeeka huleta vituko. Yeye mwenyewe alikuwa mchovu kuliko utepe huo. Akafunga kila kitu, akawasha gari, akashika barabara ya Namanga.

Mwanga ulikuwa haujaisha kabisa. Ng'ombe wa mwisho walikuwa wanavuka kurudi bomani, na vumbi lao likaingia dirishani. Redio ilikuwa inasoma habari. Sauti nzuri, safi. Kazi yake ilimfurahisha kidogo, hata akasahau mgongo.

Akapita Isinya.

Sauti ya redio ikashuka.

Hakuwa amegusa kitu. Akabonyeza, ikapanda. Baada ya kitambo ikashuka tena, polepole, hatua kwa hatua, kama vile mtu anavyopunguza redio akitaka kusema jambo...

Kisha ikaja harufu. Vitunguu. Vitunguu vya gunia vilivyoshinda juani. Van ile ilikuwa haijabeba hata kitunguu kimoja tangu itoke melini. Wakhungu akakumbuka Jentrix alivyomwambia kwamba Lennox alikuwa akitoa vitunguu Kimana kupeleka Nairobi, usiku baada ya usiku, bila mtu wa kumpokea usukani.

Akashusha kioo chote ili apate hewa. Lakini uchovu nao una nguvu zake. Barabara ilikuwa ndefu, imenyooka, na kope zilimlemea. Akafumba. Akafumbua. Akafumba tena.

Na hapo ndipo aliposikia mnong'ono, karibu kabisa na sikio.

"Buda... nishikie kidogo. Nimechoka."

Wakhungu kabla hajawa fundi alikuwa dereva, njia ya Loitokitok, wawili kwa gari moja. Aliyelemewa husema "nishikie", na mwenzake humjibu neno moja tu. Ni adabu ya kazi. Alikuwa amelisema neno hilo mara nyingi mno, nusu yake akiwa usingizini.

"Lete," akasema.

Usingizi ukamruka wote.

Chini ya vidole vyake akahisi vidole vingine. Baridi. Vilikuwa vinatoka kwenye usukani, kimoja... kimoja... Cha mwisho kilisita kidogo, kisha nacho kikaachia.

Kiti cha abiria kikalia, kama mtu mzito ameketi. Redio ikapanda yenyewe. Na kando yake kukaanza kusikika pumzi ndefu, ya mtu aliyepata usingizi baada ya kuutafuta muda mrefu sana. Wakhungu hakuthubutu kutazama upande ule. Aliendesha macho mbele, machozi yakimtoka asijue ni ya hofu au ni ya nini.

Kajiado. Akakata kona ya kwa Jentrix. Mtoto alikuwa amekwisha kufungua geti. Jentrix alisimama na tawi mkononi, na nyuma yake mwanamke mzee, Senge Immaculate.

"Lennox!" Jentrix akaita. "Lennox, baba yao, shuka. Tumefika nyumbani."

Mlango wa abiria ukafunguka.

Hakuna aliyeshuka. Lakini tawi likainama mkononi mwa Jentrix, likainama hasa, hata akalazimika kulishika kwa mikono yote miwili. Akaangua kilio. Kilikuwa kilio cha shukrani, hata Wakhungu alikielewa. Jentrix akaelekea nyumbani amelikumbatia tawi, hakugeuka nyuma. Mtoto akafunga geti mwenyewe, akamfuata mama yake mbio bila kungoja tena.

Yamekwisha, Wakhungu akawaza. Sasa nizime gari, nitafute basi, nikalale.

Mkono haukwenda kwenye ufunguo.

Senge alikuja dirishani. "Shuka, mwanangu. Chai iko tayari."

"Nakuja, senge."

Akangoja. Akaitazama mikono yake juu ya usukani. Senge naye akaitazama, na uso wake ukabadilika.

"Alikuambia nini?" akanong'ona.

"Aliniambia nimshikie."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nilisema lete," Wakhungu akakiri. Senge akaingiza mkono, akajaribu kumfungua kidole kimoja, taratibu, kisha kwa nguvu. Kidole hakikutoka. Wala hakikuuma. Hilo ndilo lililomtisha Wakhungu zaidi, kwamba hakikuuma.

"Hata yeye ilikuwa hivi," Senge akasema. "Mikono ilikataa kutoka. Ikabidi wafungue nati ya usukani, wakambeba na usukani wenyewe mpaka mochari. Sisi tulikuwa tunamuita kwa barabara, kumbe hakuwa huko."

"Senge, mimi nataka tu kulala."

"Najua, mwanangu."

Akavua leso begani mwake, akamfunika nayo mabega, maana baridi ya Kajiado ilikuwa imeanza. Injini ilikuwa bado inanguruma.

"Niambie jina lako lote," Senge akasema. "Na la baba yako. Na kwenu ni wapi."

Wakhungu akamwambia: jina lake, la baba yake, na kijiji chao huko Bumula, ng'ambo ya mto, karibu na kanisa.

Senge akaliinamia dirisha, akayarudia yote polepole, neno kwa neno, asije akakosea siku ya kumwita kwa tawi.