Barua Iliyobaki Ndani ya Disketi

Mama Hildegarda alikuwa mkulima wa Masanze. Asubuhi alilima mahindi na ufuta. Alasiri, siku tatu kwa wiki, alikwenda darasa la watu wazima. Alianza kusoma akiwa na miaka hamsini na minane. Mume wake, Yared, alikuwa amekwisha kufariki, na yeye alichoka kusomewa barua zake na watu wengine.

Alikuwa na mabinti wawili. Mdogo, Happiness, aliishi naye na kushona nguo. Mkubwa, Costancia, alikuwa karani katika ofisi ya shamba la mkonge huko Rudewa. Mume wa Costancia aliitwa Lupakisyo. Alikuwa mpishi katika nyumba ya wageni Mikumi.

Mwaka 1997 mashamba mengi ya serikali yalikuwa yakiuzwa kwa watu binafsi. Shamba lile nalo likapata mmiliki mpya, na wafanyakazi wakapunguzwa. Costancia alikuwa mmoja wao.

Katika wiki yake ya mwisho kazini, wenzake walipokwenda kula, Costancia alibaki kwenye kompyuta. Alimwandikia mama yake barua. Hakutaka kuiandika kwa mkono, kwa sababu mama alijua kusoma herufi za chapa tu. Mwandiko wa mkono ulimshinda.

Barua ilipokwisha, printa haikuwa na utepe wa wino. Costancia akaihifadhi barua kwenye disketi, kile kisahani chembamba cha kuwekea maandishi ya kompyuta. Akasema ataichapa siku nyingine. Wiki iliyofuata kompyuta zilichukuliwa, naye akahamia Mikumi kwa mumewe.

Mwezi wa tisa alilazwa hospitali ya Kilosa. Miguu na mikono yake ilikuwa imevimba, na pumzi ilikuwa fupi. Happiness alikuja kumuuguza. Siku moja Costancia alimwonyesha mfuko wake na kumwambia atoe disketi iliyokuwamo.

"Ndani yake kuna barua ya mama," alisema. "Kaichape. Aisome kabla sijaondoka."

Happiness aliipeleka kwenye duka la kuchapa barua mjini. Karani wa pale, Mathayo, alifungua programu yake ya kuandikia na kuitazama disketi. Hakuona kitu. Alisema disketi ni tupu. Alitaka hata kuisafisha ili itumike upya, lakini Happiness akakataa, akaichukua.

Alirudi hospitali akamweleza dada yake. Costancia alitikisa kichwa. "Si tupu," alisema. Alitaka kueleza zaidi, lakini kikohozi kikamzuia. Siku ya tatu alifariki.

Lupakisyo alikuja na gari, akamchukua mkewe akamzike Mikumi. Wajomba walinung'unika kidogo, wakitaka azikwe Masanze, lakini hakuna aliyejua marehemu alitaka nini. Mama Hildegarda alimfuata mwanawe hadi kaburini, kisha akarudi Masanze. Kwa wiki nyingi hakwenda darasani.

Happiness hakuwa na raha. Yale maneno, "si tupu," yalimrudia kila alipokaa kwenye cherehani. Mwishowe akakumbuka kwamba Costancia alifundishwa kazi na mama mmoja aitwaye Agnesi. Mama huyo sasa alikuwa katibu wa ofisi ya kanisa, Mabwerebwere. Happiness akachukua disketi akaenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Poleni sana na msiba."

Happiness alimweleza yote. Mama Agnesi alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza kama yule karani aliitazama disketi kwa kutumia programu ya kuandikia. Happiness akasema ndiyo.

"Basi sikiliza," alisema Mama Agnesi. "Programu ile huonyesha maandishi ya aina yake tu. Mengine haiyaoni. Ukitaka kujua disketi ina nini, iulize kompyuta yenyewe, kwa amri."

Aliwasha kompyuta. Kioo kilikuwa cheusi, na alama ndogo ilikuwa ikiwaka na kuzimika. Akatia disketi. Akamwambia Happiness akae yeye mwenyewe na kuandika.

Kwanza Happiness aliandika A na nukta mbili, akabonyeza Enter. Mama Agnesi alieleza kwamba hapo kompyuta imehamia kwenye disketi. Kisha akaandika DIR, yaani nionyeshe faili zilizopo. Jina moja likatokea: MAMA.TXT. Pembeni yake kulikuwa na tarehe ya mwezi wa sita.

Happiness aliondoa mikono kwenye kibodi. Mama Agnesi akamwacha kwa muda. Alipoona ametulia, akamwambia kazi bado. Disketi huharibika kwa vumbi na joto, kwa hiyo kwanza waweke nakala ndani ya kompyuta. Happiness akaandika COPY MAMA.TXT C: na kubonyeza Enter. Nakala ikakaa.

Halafu walitazama printa. Waya ulikuwa umeingia sawasawa. Karatasi ilikuwapo, na utepe pia. Taa yake ilikuwa inawaka.

"Sasa andika PRINT, acha nafasi, andika jina la faili," alisema Mama Agnesi. "Usikosee hata nukta."

Happiness aliandika PRINT MAMA.TXT. Kompyuta ikauliza itumie printa ipi. Mama Agnesi akamwambia abonyeze Enter tu, kwa kuwa printa ni ile moja. Mashine ikaanza kukwaruza karatasi, mstari kwa mstari.

Happiness hakuisoma barua. Aliikunja, akaipeleka Masanze.

Mama Hildegarda alikaa mlangoni penye mwanga. Alisoma kwa sauti, akifuata maneno kwa kidole. Ilimchukua muda mrefu.

"Mama, shikamoo. Nimeandika maneno mafupi ili usome mwenyewe. Moyo wangu ni mgonjwa. Daktari aliniambia mwezi wa tatu. Sikukuambia, nilitaka uvune kwanza. Barua yako ya kwanza ninayo. Uliandika jina langu Kositansia. Nililipenda hivyo, usilibadilishe. Nikifa, nizikeni Masanze, karibu na baba. Lupakisyo ni mtu mwema. Msimlaumu. Mimi mwanao."

Aliposoma neno Masanze alisita. Akarudi nyuma, akalisoma tena. Kisha akamaliza barua. Happiness alikuwa analia, akisema kosa ni lake, angetafuta mtu mwingine siku ile ile.

"Uliambiwa ni tupu," alisema mama. "Mimi pia ningeamini."

Lupakisyo alipopata habari alikuja Masanze, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake. Alisema kama angejua, angemleta. Mama akamwinua. Walizungumza juu ya kulihamisha kaburi. Mama akakataa. Alisema mwanawe alihangaika vya kutosha, aachwe alale.

Mwezi uliofuata mama alimwomba Happiness ampeleke kwa Mama Agnesi. Alikuwa na maneno yake ya kuandikwa. Happiness, ambaye sasa alikuwa akijifunza kazi pale kila Jumatano, alikaa kwenye kompyuta, na mama akasema polepole:

"Mimi Hildegarda, nikifa, nizikwe Mikumi, karibu na binti yangu Costancia. Yeye hawezi kuja kwangu. Mimi nitamfuata."

Happiness alichapa saa ile ile. Alitoa nakala tatu. Mama alizisoma zote, neno kwa neno, kisha akatia sahihi kila moja. Mama Agnesi akatia sahihi kama shahidi. Nakala moja alichukua Happiness, moja Lupakisyo, na moja ikabaki ofisini.

Tangu hapo Happiness aliwachapia watu wengi wa Mabwerebwere na Masanze barua zao. Alimwambia kila mmoja asiondoke kabla karatasi haijatoka. Wakisema watarudi kesho, aliwaomba wakae wasubiri.

Mama Hildegarda alifariki mwaka 2003, baada ya mvua za masika. Wajomba walikusanyika Masanze. Walitaka alale karibu na Yared, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kuchimba. Lupakisyo akafika kutoka Mikumi, akawasalimu wazee, akatoa karatasi yake. Happiness akatoa ya kwake. Mjomba mkubwa alizilinganisha, akaona sahihi ni ile ile, herufi kubwa zilizopinda za mtu aliyejifunza kuandika uzeeni.

Aliwarudishia karatasi zao. Kisha akawaambia vijana wafukie shimo, watafute gari la kwenda Mikumi.