Moyo wa Kokoto

Foleni ya vibali vya kwenda kisiwani ilijaa watu wa kuchosha, na aliyechosha kuliko wote alikuwa mpiga picha mmoja, shati jeupe la kitani na manukato ya kuumiza kichwa. Mlinzi wa hifadhi, dada mwenye sare ya kijani, alikuwa akipiga brashi soli za kila mgeni ili mbegu za bara zisivuke. Akamwambia ainue mguu.

"Hujaniuliza hata jina."

"Jina halibebi mbegu. Mguu mwingine."

Kijana akapenda papo hapo. Wanaume wa aina yake hawajazoea kupuuzwa. Alirudi Jumamosi tisa mfululizo, na dada wa watu, ambaye akili yake ilikuwa timamu kwa mengine yote, akaanza kumwita Mzigo Wangu.

Jumamosi ya kumi kijana alimtumia picha kutoka kisiwani: moyo mkubwa wa kokoto ufukweni, ndani yake neno TUOANE. Kisha akapiga simu.

"Umeona, mpenzi? Mbona kimya, unalia?"

"Umevuka kamba ya kuzuia wageni."

"Hatua chache tu."

"Kokoto tatu zenye madoa, juu kulia. Hayo ni mayai."

Ndege wa pale hutaga juu ya kokoto, bila hata jani la kufunika, na bwana huyu alikuwa ameyaokota kwa ajili ya mapenzi. Akakata simu, akaizima, akaenda kujificha kwa dada yake wa tumbo moja. Shujaa kweli. Kibali chake kilikuwa na sahihi ya mlinzi, na habari zilipomfikia mkuu wa hifadhi, aliamini kwamba mlinzi amemfungulia mchumba wake njia. Alimpa dada hadi Ijumaa ajieleze, la sivyo avue sare.

Ijumaa jamaa akatokea, shati halijapigwa pasi. Akapanga foleni kama binadamu wengine hadi mbele ya mkuu.

"Hakuniruhusu. Alinionyesha kamba, nikaitikia, nikavuka. Kosa langu."

Ilikuwa mara ya kwanza kufungua kinywa bila kujisifu. Mkuu akamfungia kisiwa maisha. Mlinzi aliiandika amri hiyo kwa mkono wake, akagonga muhuri, akampa nakala. Kwa sauti ndogo jamaa akauliza kama lile neno la kokoto bado lina jibu.

Mlinzi alimtazama hadi kwenye viatu. Vilikuwa vichafu. Akachukua brashi.

"Kisiwani hukanyagi tena," alisema. "Kwangu utavua mlangoni, kila siku, mpaka tuzeeke."

Jamaa akainua mguu kabla hajaambiwa.