Kochi la Mosterd

Siku ya Jumamosi, soko la Vismarkt mjini Groningen halina hata pa kuweka mguu. Watu wanakokota baiskeli, samaki wanakaangwa, muuza jibini anapiga kelele kama amefiwa. Jorrit Boelens, fundi wa redio za zamani, alikuwa amesimama mbele ya meza ya mboga na koti lake la kordroi lililopauka viwikoni, akisubiri karoti.

"Nikukatie majani?" muuza mboga akamuuliza.

"Kata, tupa."

"Usitupe!" Sauti ilitoka nyuma yake.

Akageuka. Alikuwa mwanamke mrefu, skafu nyekundu shingoni, nywele amezibana kwa penseli, na mkononi ana mfuko umejaa majani ya karoti matupu, karoti hata moja hamna.

"Dada, unakula majani?"

"Mimi sili. Kuna mtu wangu nyumbani."

"Mumeo?"

"Ana masikio marefu." Akamtazama Jorrit kutoka utosini hadi viatuni. "Yako yanakaribia, lakini bado."

Muuza mboga akacheka hadi akashika meza. "Bwana, mpe majani na namba ya simu, foleni iende!"

Jorrit akampa vyote viwili. Jioni simu ikalia.

"Majani yameliwa," yule mwanamke akasema. "Anauliza Jumamosi utakuja sokoni saa ngapi."

"Anauliza yeye?"

"Mimi nimetumwa tu."

Aliitwa Hiske Wiersma. Alikuwa askari magereza, anaishi ghorofa ya tatu katika nyumba ya matofali yenye ngazi zilizosimama wima kama za kupandia darini. Mara ya kwanza Jorrit alipoingia, kitu cha rangi ya haradali kilichomoka jikoni, kikazunguka viatu vyake mara tatu, kikapotea chini ya kochi la kijani. Huyo ndiye Mosterd, sungura aliyepewa jina lenye maana ya haradali kwa lugha yao. Hakuwa na kizimba. Alilala anapotaka, akajisaidia kwenye beseni lake la majani makavu pembeni mwa jiko, na asubuhi akapanda kitandani kudai chakula. Milango ya ndani Hiske alikuwa ameing'oa, akabakiza wa choo na wa chumba kimoja kidogo alichokuwa hakitumii.

"Kwetu shambani sungura walikaa kizimbani mpaka Krismasi," Jorrit akasema, akitaka kuchekesha.

"Na baada ya Krismasi?"

"Kizimba kilikuwa kitupu."

Hiske hakucheka. Aliweka kikombe chini. "Jorrit, nisikilize. Kila siku ya kazi nafunga milango arobaini, na nyuma ya kila mlango kuna mtu ananiangalia. Nikifika hapa sifungi kitu. Asiyeweza hilo, ngazi zile pale."

"Naweza, hazina yangu."

"Tutaona."

Majira ya machipuko Jorrit akahamia kwake na maboksi kumi na moja. Hakuyafungua. Yalipangwa ukutani yakiwa bado yamefungwa kwa utepe wa gundi, kama ya mtu anayesubiri gari. Kile chumba kidogo akakifanya karakana ya redio, na mlango akaufunga kwa sababu ya nyaya. Mosterd akawa anakwaruza chini ya mlango kutwa. Siku moja Jorrit aliusahau wazi dakika tano tu, akakuta waya wa redio ya mteja umekatwa vipande vinne.

Wiki iliyofuata akatengeneza kizimba cha mbao safi, akakipiga msasa mpaka kikang'aa.

"Ni kwa saa chache tu, ninapofanya kazi," akasema.

Hiske hakuangalia mbao. Aliangalia mlangoni pa kizimba. "Umeweka komeo."

"Sasa kizimba bila komeo si kitakuwa meza?"

"Kitoe nyumbani kwangu."

Kwangu, alisema, si kwetu. Kizimba kikashushwa kwenye chumba cha baiskeli, na kwa siku tatu wakaongea habari za chumvi na mkate tu.

Jorrit akatafuta njia ya kuomba radhi. Akakumbuka kwamba Hiske, kila akiketi kwenye lile kochi la kijani, hulalamika kwamba springi zinamchoma mgongoni. Akanunua kochi jipya la ngozi ya kijivu, lifike Jumanne jioni. Jumanne ndiyo siku ambayo gari la kuchukua taka kubwa, kama samani kuukuu, hupita mtaani.

Jumanne, Hiske akaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Saa mbili Jorrit akagonga kwa Bi Geessien, mama mtu mzima wa ghorofa ya chini. Ana dirisha kubwa lisilo na pazia, na mtaani hakuna linalompita.

"Bi Geessien, naomba kamba yako."

"Mtaa mzima mna pesa za kahawa ya kwenye vikombe vya karatasi, kamba hamna. Chukua, irudi."

Jorrit akaipitisha kamba kwenye kulabu ya chuma iliyochomoza chini ya ncha ya paa, ya kupandishia samani, akatoa dirisha, akalishusha kochi nje, taratibu, likining'inia juu ya barabara. Akaliweka ukingoni mwa njia, akarudisha kamba, akapanda juu akipiga mluzi.

"Mosterd! Majani!"

Sungura hakutokea.

Bakuli la asubuhi lilikuwa limejaa vilevile. Akaangalia nyuma ya friji, ndani ya mashine ya kufulia, nyuma ya maboksi yake. Ndipo alipokumbuka kwamba mlango wa chini ulikuwa wazi muda wote alipokuwa akipanda na kushuka. Sungura asiyekula toka asubuhi hadi usiku, tumbo lake husimama, na tumbo likisimama hapati siku ya pili. Hiske alimwambia hilo mara ishirini.

Akampigia. Simu ya Hiske ilikuwa kabatini kwenye geti la gereza, mahali simu za askari wote hukaa. Akapiga tena. Akashuka, akapiga magoti chini ya magari, akaruka uzio wa watu, akaingia bustani za nyuma akiita jina la kiungo cha chakula kama mwendawazimu.

Saa tisa alasiri Hiske akafungua kabati, akakuta amepigiwa mara kumi na nne.

"Mpenzi," Jorrit akasema. "Mosterd simwoni."

"Humwoni vipi?"

"Nadhani ametoka. Mlango wa chini ulikuwa wazi..."

"Kwa nini uwe wazi?"

Zawadi bado ilikuwa siri. "Nilikuwa nabeba vitu."

Hiske akakumbuka lile komeo, na Krismasi ya shambani. "Umempeleka shambani kwa baba yako."

"Hiske!"

"Kizimba kilikuwa tayari. Sema tu. Umempeleka?"

"Wallahi sijampeleka popote! Natambaa mtaani toka asubuhi!"

"Nikifika, usipokuwa na sungura wangu mkononi, beba maboksi yako. Hujawahi hata kuyafungua, hutapata taabu."

Alifika bado na sare yake, funguo za baiskeli mdomoni. Alipanda ngazi mbili mbili. Jorrit alikuwa amesimama sebuleni, suruali imetoboka magotini, mikono ina matope. Hiske hakumtazama. Alitazama sakafu, pale penye alama nne za miguu ya kochi.

"Kochi liko wapi?"

"Nimelitoa. Jipya linakuja jioni. Nilitaka nikushangaze, ulisema mgongo..."

Hiske akaonyesha zile alama.

"Jorrit. Ametoboa kitambaa kwa chini. Analala ndani yake. Kila asubuhi nikiondoka anaingia mle."

Jorrit akaona tena lile kochi likiyumba hewani, ghorofa tatu juu ya mawe. Halafu akakumbuka gari la taka, lile lenye meno ya chuma nyuma, ambalo alilisikia likisaga vitu mtaa wa pili wakati yeye yuko chini ya uzio wa watu.

Wakashuka bila kugusa ngazi. Ukingoni mwa njia palikuwa peupe.

"Bi Geessien!" Jorrit akapiga kioo kwa viganja. "Kochi! Gari limelichukua kochi?"

Mama akafungua dirisha bila haraka. "Usinivunjie kioo. Gari limekuta hewa. Wamelichukua vijana wawili kwa ile baiskeli yenye sanduku la mizigo mbele. Linaanguka, linainuka, mimi nacheka hapa. Ikabidi niwape kamba walifunge."

"Wamekwenda wapi?" Hiske akauliza.

"Mimi nitampa mtu kamba yangu bila kuchukua anwani yake?" Akaingia ndani. Wakamsikia akiburuta miguu. "Nimeandika chooni, kwenye kalenda ya siku za kuzaliwa niliyoitundika humo. Ngoja nivae miwani."

Ile miwani ilichukua mwaka.

Walikwenda kwa baiskeli, Hiske mbele, Jorrit nyuma na mfuko wa majani. Ilikuwa nyumba ya wanafunzi karibu na mfereji. Mlango ukafunguliwa na kijana peku mwenye jezi ya timu ya makasia. Nyuma yake kochi la kijani, na juu yake mwenzake, amejinyoosha, anakula mkate uliomwagiwa chembe za chokoleti.

"Inuka!" Hiske akasema kwa sauti ya kazini.

Kijana akainuka na mkate mdomoni.

"Polepole! Kuna mtu wangu humo ndani."

"Mtu?"

Hiske akapiga magoti, akaweka sikio kwenye kitambaa. Hakusikia kitu. Akanyoosha mkono. "Nipeni kisu. Nalipasua."

Jorrit akaweka kiganja juu ya mkono wa Hiske.

"Usimpasulie, hazina yangu. Ukimkamata sasa, moyo wake utasimama. Mwache atoke mwenyewe."

"Na kama hatatoka?"

"Nitalala hapa."

Akalala kifudifudi kwenye sakafu yenye makombo, akasogeza majani ya karoti karibu na tundu, akasubiri. Dakika tano. Kumi. Wanafunzi walisimama ukutani kama wako kanisani. Hiske hakuwa akitazama tundu tena. Alikuwa akimtazama mwanamume aliyekuja na komeo, amelaza shavu chini, hagusi kitu.

Ndani ya kochi pakasikika pigo moja la mguu. Tap!

"Amekasirika," Jorrit akanong'ona.

"Yuko hai," Hiske akasema, akafunika uso.

Pua ikatokea kwanza, kisha sikio moja. Mosterd akavuta jani, akalitafuna, akavuta la pili. Alipomaliza la tatu akatoka mzima mzima, akazunguka kichwa cha Jorrit mara moja.

"Sasa jamani," kijana wa jezi akasema, "na kochi mnalitaka? Tulilipandisha kwa jasho!"

"Saa kumi na mbili linaletwa jipya, la ngozi," Jorrit akasema. "Chukueni hilo. Hili linarudi kwa mwenyewe."

"Bwana, tungejua, tungekuchukulia na kitanda!"

Jioni, kochi la kijani lilipandishwa tena kwa kamba ya Bi Geessien, naye akiwa chini anaelekeza kila mtu. Lilipokaa kwenye alama zake nne, Jorrit akaingia kwenye karakana yake, akabeba redio na nyaya akazipandisha rafu za juu kabisa. Kisha akachukua bisibisi, akatoa bawaba, akauegemeza mlango ukutani. Mosterd akaingia kukagua.

Hiske alikuwa amekaa juu ya springi, sare haijavuliwa.

"Yale maboksi niliyosema uyabebe..."

Jorrit akasimama na bisibisi mkononi. "Nilikusikia."

"Yabebe. Alhamisi wanakuja kuchukua taka za karatasi na maboksi." Akajisogeza, akamwachia nafasi. "Yashushe yakiwa matupu."